Jana ya Gazeti

Lori la mkaa lilikuwa limekwisha anza kwenda ndipo Bi Mboni alipopandishwa. Utingo alimshika kwapani akamvuta juu kama gunia la mwisho, na bibi akakaa juu ya mkaa amekumbatia kifurushi cha nailoni. Ndani ya nailoni mlikuwa na kipande cha gazeti. Chini, kando ya njia, mwanawe Salumu alikuwa akitembea sambamba na lori, akimwambia kwamba anajitia aibu bure, kwamba mtu mzima hafukuzani na gazeti, kwamba huko Kibaha hajui mtu na hakuna mtu anayemjua. Bi Mboni alitazama mikorosho ya Vihingo ikirudi nyuma, mpaka Salumu akawa wa kimo cha kuku, kisha vumbi likamfunika.

"Bibi, unakwenda kuuza gazeti?" utingo alimwuliza.

"Nakwenda kulirudisha," alisema.

Utingo alicheka, akadhani ni mzaha.

Mambo yote yalianza na ng'onda. Salumu alinunua ng'onda, samaki aliyekaushwa, gulioni, wakamfungia kwenye karatasi ya gazeti. Kule Vihingo magazeti yalifika hivyo: bila kichwa, bila tarehe, yamelowa mafuta ya samaki au yamebeba sukari. Wengine waliyatupa. Salumu aliyasoma. Alikuwa amemaliza kisomo cha watu wazima, cheti chake kimetundikwa juu ya kitanda, na hakuna karatasi iliyopita mkononi mwake bila kusomwa, hata ya tumbaku. Mwalimu wao wa kisomo alikuwa amewaambia kwamba neno likishapigwa chapa limepita mbele ya wakubwa wengi, limepimwa na limehakikiwa. Salumu aliyashika maneno hayo kama watu wengine wanavyoshika aya.

Basi siku ile alikunjua ng'onda, akamwona shemeji yake anacheka.

Ni Mwanaamina, mjane wa marehemu mdogo wake Saburi. Kichwa wazi, khanga imekazwa kiunoni, mikono juu, meno yote nje. Chini ya picha pameandikwa kwamba wananchi wa Mkoa wa Pwani walimlaki mgeni jana mjini Kibaha kwa ngoma na vifijo, na kwamba pichani ni Bi Mwanaamina Saburi wa Vihingo. Gazeti lilikuwa *Jembe la Pwani*.

Mwanaamina alikuwa kwenye eda. Saburi amekufa kwa homa, na mwezi wa tatu ulikuwa unakwisha mkewe yumo chumba cha ndani, hatoki ila kwa haja, hajipambi, haongei na mwanamume wa kando. Kila mtu kijijini alijua hivyo. Na sasa gazeti linasema jana alikuwa Kibaha anakata mauno.

*

Wazee walikaa barazani kwa shehe. Salumu alisoma maneno yale mara mbili, kwa sauti ya darasani, kidole kikifuata mstari. Mwanaamina alijibu kutoka ndani ya nyumba ya pili, maneno yake yakiletwa na wifi yake Sikuzani, maana yeye hakuruhusiwa kuja. Alisema hajatoka. Alisema picha ile anaikumbuka: ilipigwa siku kikundi chao cha ngoma ya mdundiko kilipopelekwa Kibaha kwenye maonyesho ya kilimo, Saburi akiwa hai, tena ndiye aliyekuwa akipiga ngoma. Mtu mmoja mwenye kamera alimwuliza jina lake akaliandika.

Wenzake wa mdundiko nao walisema kweli, walikwenda.

"Kuna aliyesema hamkwenda?" Salumu aliuliza. "Hiyo ni zamani. Gazeti linasema jana."

"Jana ya lini?" Sikuzani alimwuliza kaka yake.

"Jana ni jana," alisema Salumu, na wazee wawili wakatikisa vichwa kukubali.

Tatizo ni kwamba wiki zile watu wengi walikuwa dago, kwenye vibanda vya shambani kule bondeni, wakiwinga ndege kwenye mpunga. Bi Mboni mwenyewe, mama mkwe, alikuwa huko. Hakuna mtu mzima aliyeweza kusimama akasema nilikuwa naye kila siku. Wazee hawakuwa watu wabaya. Walisema kama ni kweli amevunja eda kwa ngoma, basi atarudishwa kwao Kurui, na watoto wake wawili watabaki kwa baba yao mkubwa, yaani Salumu, pamoja na nyumba na mikorosho ya marehemu. Ardhi ilikuwa ya kijiji, hilo kila mtu alilijua tangu watu wahamishiwe vijijini. Lakini mti ni wa aliyeupanda, na mlezi wa watoto ndiye mwokota korosho. Wakampa Mwanaamina mpaka mwezi uandame alete ushahidi wake.

Wanaomchukia Salumu walisema alitaka korosho. Alizitaka, ndiyo. Lakini angekuwa mwongo mtu angejua la kumfanya. Salumu aliamini. Aliposema ameona aibu kwa ajili ya mdogo wake, macho yake yalikuwa mekundu kweli.

Jioni ile Bi Mboni aliomba aletewe lile gazeti. Hakujua kusoma. Labda ndiyo maana hakwenda kwenye maneno, alikwenda kwenye picha. Aliisogeza kwenye mlango, aliigeuza, akaitazama mpaka chai ikapoa. Pembeni kabisa, pale picha ilipokatwa, palikuwa na mkono. Mkono tu, bila mwenyewe, umeinuliwa juu ya kitu kisichoonekana. Kidole chake cha mwisho kilikuwa kifupi.

Saburi alipokuwa mtoto aliingiza mkono kwenye kinu mama yake anatwanga. Kidole kile Bi Mboni alikifunga yeye mwenyewe kwa majani, kilipokatika alikizika yeye mwenyewe nyuma ya jiko. Hakuhitaji kuambiwa ni cha nani.

Aliupeleka mkono ule kwa wazee. Wazee waliutazama mmoja mmoja. Karatasi ya gazeti ni madoadoa ya wino, na mafuta ya ng'onda yalikuwa yamepita papo hapo. Mmoja alisema anaona jani. Mwingine alisema anaona mkono lakini kidole huenda kimekunjwa. Salumu alisema kwa upole, "Mama, umefiwa. Kila mahali utamwona."

Hilo neno la upole ndilo lililompandisha Bi Mboni kwenye lori la mkaa.

*

Pale Mlandizi alishuka, akajikung'uta, akapanda basi. Kabla ya kufika mjini kondakta alitangaza Picha ya Ndege, na Bi Mboni akachungulia dirishani kuitafuta.

"Iko wapi?" aliuliza.

"Nini, bibi?"

"Hiyo picha."

"Hakuna picha, bibi. Ni jina la mahali tu."

"Na ndege?"

"Nao hawapo." Basi zima lilicheka. Bi Mboni hakucheka. Alikaa akiwaza mahali panapoitwa picha na picha haipo, na watu wanateremka pale na mizigo yao bila wasiwasi.

Ofisi ya habari ilikuwa na benchi nje. Karani alimwambia asubiri, akasubiri. Waliokuja baadaye waliingia na kutoka. Karani alipopita mara ya tatu alikunja pua, akasema, "Bibi, hicho ulichobeba kinanuka." Bi Mboni alisema ni gazeti lao. Karani alimtazama kwa mara ya kwanza, kisha miguu yake yenye mkaa, akamwambia asogee mwisho wa benchi kwa sababu wageni wanapita. Alisogea. Adhana ya adhuhuri iliita, akaswali kando ya ukuta, akarudi kwenye benchi.

Mpiga picha alifika alasiri kwa baiskeli. Jina lake Leodegar, mtu wa bara, mwembamba, mpole, mkoba wa kamera umemchubua shati begani. Bi Mboni alimkunjulia karatasi, na Leodegar uso wake ukang'aa kabla hajafikiri.

"Hii nimeipiga mimi. Wameitoa?"

"Uliipiga lini, mwanangu?"

"Siku ya maonyesho ya kilimo. Kabla ya masika."

"Basi mbona wanasema jana?"

Leodegar alimkaribisha ndani, akamsukumia kiti. Alimweleza taratibu, kama mtu anayejieleza na yeye mwenyewe. Mgeni alichelewa, alifika jua limekwisha, picha za siku ile zikatoka nyeusi. Huko Dar es Salaam ukurasa ulikuwa unasubiri. Mhariri akafungua kabati, akatafuta watu wa Pwani wenye furaha, akampata Mwanaamina, na jina lake limeandikwa nyuma ya picha. Leodegar ndiye aliyeliandika. Alikuwa na kawaida ya kuandika majina ya watu, alisema, wengine huandika 'mwananchi' tu.

"Sasa si wangeandika ya zamani?"

"Gazeti halina zamani, mama. Likisema miezi mitano iliyopita, nani atalinunua? Lina jana tu."

Bi Mboni aliweka kidole pale pembeni. "Na huyu?"

Leodegar aliinama. Akaenda kwenye kabati, akarudi na picha yenyewe, ile nzima, ya karatasi ngumu. Haikuwa kubwa kuliko kiganja. Mwanaamina alikuwa katikati anacheka. Kando yake, amepinda mgongo juu ya ngoma, alikuwa Saburi, naye anamtazama mkewe, na ndiye aliyekuwa akimchekesha.

Bi Mboni aliishika kwa mikono miwili. Leodegar akaanza kueleza tena. Alichukua karatasi mbili nyeupe akafunika picha pande zote, ikabaki Mwanaamina peke yake. Ukurasa ulikuwa na nafasi nyembamba, alisema, upande wa pili palikuwa na tangazo la betri, na tangazo limelipiwa, haliguswi. Basi hukatwa picha. Tena mhariri huona hivi: ukimwacha mpiga ngoma, hiyo ni habari ya ngoma. Ukimtoa, ni habari ya furaha ya wananchi.

"Mmemtoa mume wa mtu ili mpate furaha," alisema Bi Mboni.

Leodegar alizitoa zile karatasi juu ya picha, akaziweka chini.

Bi Mboni aliomba apewe ile nzima. Haikuwezekana, ilikuwa na namba, ni mali ya ofisi. Aliomba basi aje naye Vihingo, aseme mbele ya wazee aliyoyasema hapa. Leodegar alifunga mlango kabla ya kujibu.

"Nisimame hadharani niseme gazeti la serikali limesema uongo? Nina watoto, mama."

"Hata yeye anao."

Nje karani alikuwa akimfokea mtu mwingine asogee. Leodegar alizungusha kifuniko cha kamera mkononi, akakizungusha tena, kisha akasema kwamba siku ile ya maonyesho gari la sinema nalo lilikuwapo. Walichukua filamu. Si ndefu, haina sauti, lakini kikundi cha Vihingo kimo. Na kazi ya gari la sinema ni kuwaonyesha wanavijiji maendeleo ya mkoa wao. Gari likifika Vihingo likaonyesha maonyesho ya kilimo, hakuna atakayesema Leodegar amepingana na mtu.

"Litafika lini?"

"Dizeli ikipatikana."

Mwaka ule hata ambulensi zilikuwa zinasema hivyo.

*

Siku zilikwenda. Salumu alianza kupogoa mikorosho ya mdogo wake, si kwa kificho. Watoto wa Mwanaamina walihamishiwa kwake kulala, ili wazoee. Mwanaamina aliwasikia wakipita asubuhi kwenda shule, wakinyamaza wanapofika usawa wa mlango, kwa sababu wamefundishwa wanyamaze. Bi Mboni alihamisha mkeka wake akalala kizingitini kwa mkwewe. Hawakuzungumza sana. Usiku mmoja Mwanaamina aliuliza ni kweli katika picha ile nzima Saburi alikuwa anamtazama. Bi Mboni akasema ndiyo.

"Mimi sikumwona," alisema Mwanaamina. "Nilikuwa natazama kamera."

Mwezi ulikuwa umebaki uzi gari la sinema lilipoingia, jekundu kwa vumbi, kwa ajili ya kampeni ya kusafisha mashamba ya korosho. Leodegar alikuwa ndani. Hakumsalimia Bi Mboni kwa namna ya pekee, alimwamkia shikamoo kama wazee wengine wote. Lakini alipotafuta mahali pa kufunga nguo nyeupe ya sinema, aliuzunguka uwanja wote wa mpira, akaacha miti miwili mizuri, akaifunga nguo mwisho wa uwanja, nyuma ya nyumba ya marehemu Saburi. Watu walikaa upande wa uwanjani. Upande wa pili wa nguo ile ulikuwa ukuta wa chumba cha ndani.

Ukuta haukuwa na dirisha. Bi Mboni alikwenda kwa shehe, akamwuliza kama mjane anakatazwa kutazama akiwa ndani mwake. Shehe alifikiri, akasema amesoma mambo ya kutoka na mambo ya kujipamba, juu ya macho hajasoma. Bi Mboni akaingia ndani, akachukua panga, akaubomoa udongo kati ya fito mbili mpaka likapatikana tundu la kutosha uso. Salumu alisikia vishindo akaja mbio.

"Mama, unabomoa nyumba?"

"Ya nani?" aliuliza Bi Mboni bila kugeuka.

Baada ya Isha mashine ikawashwa. Kwanza lilikuja tangazo la betri, mtu na mkewe wanacheka na redio, watoto wakapiga makofi. Kisha bwana shamba kwenye mikorosho, watu wakapiga miayo. Kisha, bila kutangazwa, ukaja uwanja wa maonyesho Kibaha, ng'ombe wa maziwa, mahindi makubwa, na kikundi cha mdundiko cha Vihingo kikaingia kwa vumbi lake.

Watu waliokuwa wakizungumza walinyamaza, kwa sababu Saburi alikuwa hai. Alitokea kushoto, ngoma imening'inia shingoni, akacheka na mtu asiyeonekana, akaipiga. Hapakuwa na sauti, ila mashine ikikereza. Mtu mmoja akamwita jina. Mwingine akaita. Mwanaamina akaingia na khanga zilezile za kwenye gazeti, akafika katikati, akainua mikono, na mkono wa Saburi wenye kidole kifupi ukapanda juu pembeni yake, pale pale. Kila mtu aliyewahi kuliona lile gazeti aliiona picha ile ya gazeti ikipita ndani ya filamu, kufumba na kufumbua, halafu ngoma ikaendelea.

Leodegar, kwenye kipaza sauti, alisema tu: "Hayo ni maonyesho ya kilimo, kabla ya masika."

Mzee aliyekuwa ameona jani alimgeukia Salumu. Salumu alikuwa analia, analia kwa ajili ya mdogo wake, hakuwa amefika bado kwenye lile jingine, la gazeti.

"Mimi nilisoma kilichoandikwa," alisema alipofika.

"Ulisoma sawasawa," mzee alimwambia. "Ndiyo maana tulikusikiliza."

Ndani ya chumba Mwanaamina alikuwa ameweka uso kwenye tundu. Nguo ya sinema ilipitisha mwanga, na picha zilionekana nyuma kama mbele. Alimtazama mpiga ngoma yule, akakunja uso, akarudi nyuma kidogo.

"Mama, huyu si Saburi."

"Nani basi?"

"Kidole kimehamia mkono mwingine. Na Saburi hakuanzia na mkono ule."

Bi Mboni akasogeza kichwa chake karibu na cha mkwewe, wakabanana kwenye tundu. Akatazama, akaelewa.

"Tuko nyuma ya nguo, mwanangu. Huku kila kitu kimegeuka. Ndiye."

Mwanaamina alirudi kwenye tundu. Ilibaki filamu kidogo tu. Safari hii alijua pa kutazama, hakujitazama mwenyewe hata kidogo, alimtazama Saburi, naye Saburi alikuwa anamtazama yule mwanamke wa katikati, anayeangalia kamera. Kisha nguo ikawa nyeupe tupu.

*

Mwezi ulipoandama wazee hawakukaa. Watoto walirudi kulala kwa mama yao. Mwanaamina alimaliza eda, akaokota korosho msimu ule na misimu iliyofuata. Hakucheza tena mdundiko. Miaka mitatu baadaye aliolewa na fundi seremala wa Kurui, akahamia kwao na watoto, mikorosho ikabaki ya watoto.

Salumu aliacha kusoma. Hakutangaza, aliacha tu. Cheti kilibaki ukutani mpaka mchwa wakakila pembe. Alimlimia mjane upande wa bondeni mwaka mzima bila kuombwa, na hakuomba radhi kwa mdomo.

Leodegar alihamishiwa mkoa mwingine, si kwa sababu ya Vihingo. Inasemekana huko alikuwa haandiki tena majina nyuma ya picha.

Bi Mboni alikufa mwaka wa themanini na nne. *Jembe la Pwani* halikusahihisha, wala hakuna aliyeliandikia lisahihishe. Ile filamu ilikaa kwenye stoo yenye unyevu, ikagandamana, ikatupwa.

Picha ilidumu. Mwaka mmoja baada ya ile sinema ilitoka kwenye kalenda ya sabuni, Mwanaamina peke yake, mikono juu, meno nje, na chini pameandikwa kwamba usafi ni furaha. Mwenye duka wa Vihingo aliitundika juu ya mizani. Sabuni yenyewe haikuwapo dukani. Miaka ile watu walifulia majani ya mpapai. Mwanaamina alipita pale kununua kiberiti, akaitazama, akatafuta pembeni. Safari hii walikuwa wameukata hata ule mkono.

Tundu la ukutani halikuzibwa. Mvua ziliporudi lilipanuka, upande ule wa nyumba ukaanguka, Salumu akaujenga upya. Aliweka dirisha.